Kopo la vuguvugu

Asubuhi hii mgonjwa amenipa mkojo ndani ya kopo la mayonezi. Hapa labo, tunapopima magonjwa, tunagawa vichupa, lakini wengine huja na kopo la nyumbani. Lilikuwa na vuguvugu, likinuka sabuni.

La mama lilikuwa hivyo hivyo. Nyumbani kwetu Nyamianda, nikiwa mtoto, alishikwa na homa na maumivu ya kiuno, na akienda chooni aliuma ncha ya kitenge ili asilie. Muuguzi wa kituo cha afya, bwana aliyeimba naye kwaya, alimwomba mkojo. Mama akanisukumia kopo.

"Kojolea humu, weye."

"Ni minye niko mugonjwa?"

"Yule tunaimba naye kila siku ya yenga kanisani. Akiona mukojo yangu, tutaangaliana namna gani?"

Nikakojoa, nikalipeleka mwenyewe kwa mikono miwili, kama maziwa. Muuguzi aliuchunguza, akasema ni safi kabisa, akaandika dawa ya malaria.

Siku ya tatu mama alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Muuguzi alikuja, akamgusa mgongoni chini ya mbavu, mama akapiga kelele. Yule bwana akanigeukia mimi.

"Ile mukojo ilikuwa ya nani?"

Mama alinikazia macho. Nikasema ni yangu.

Alichomwa sindano siku saba, akapona. Kwayani hakurudi, na mimi hakunituma tena mahali popote.

Mgonjwa wa leo anangoja, macho chini. Pembeni yake kuna mtoto.

"Hii ni ya nani?" nimeuliza. Nimemwuliza mtoto.