Mishikaki ya Hakimu

Batuli alikuwa na kilo mia na kumi na nane, na hakuna mtu Rumonge aliyemwonea huruma kwa hilo. Walimsifu. Mwanamke aliyeolewa na mchoma mishikaki wa pale karibu na bandari, angekondaje? Wateja waliokuja kupimwa nguo walimgonga begani: "Mama Mariyamu, Hakimu anakutunza." Naye akacheka, akaendelea kushona. Maumivu yake hakuna aliyeyauliza.

Kilichomtesa ni uvimbe wa kizazi. Damu ilikuwa inamtoka wiki mbili kila mwezi. Daktari mpasuaji alikuwa akifika kutoka Bujumbura mara moja kwa miezi mitatu, na safari iliyopita alikataa kumgusa. Apunguze kilo kumi kwanza, alisema, la sivyo dawa ya usingizi ingeweza kumwua. Basi Batuli akafunga Jumatatu na Alhamisi, mchana kutwa bila hata maji, na mizani isitikisike.

"Njaa inakushinda?" Keren, muuguzi mwenye asili ya Uvira, Kongo, alimuuliza.

"Hapana. Njaa ninaiweza."

"Basi si njaa, mama. Mu kichwa iko sehemu inashika huzuni na hasira, inazipunguza pole pole, kama breki. Kwa watu wengine wa mwili mukubwa, ile breki inachoka. Na kama tangu zamani ulituliza moyo na chakula, ubongo unajifunza. Ukiumia kidogo tu, inakuambia: kula. Si uroho."

Batuli alitazama mizani. Alimkumbuka mama yake, aliyefia Kigwena. Siku ya maziko kilio kilikuwa kimefika kooni, Hakimu akamwekea mishikaki sita mapajani. Alikula yote, na kile kilio hakikutoka mpaka leo. Hakimu ndivyo alivyo. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hajawahi kutamka neno nisamehe. Wakikosana asubuhi, jioni analeta mishikaki imefungwa kwa jani la mgomba, na ugomvi umekwisha. Kuikataa ni kumwambia kwamba bado kuna vita.

"Nifanye nini?"

"Ukisikia mukono unatafuta chakula, sema jina la ile kitu iko mu roho. Sema kwa mutu, si kwa ukuta."

Mtu angempata wapi? Akaanza na cherehani. Nina wivu, aliiambia, shoga yangu amepata mjukuu. Nina aibu. Nimechoka kuchekacheka. Alijiona mwehu, lakini mkono ulitulia, na kilo zikaanza kushuka. Alhamisi ile mizani ya Keren ikasimama kwenye mia na nane. Daktari angefika Jumatatu. Kazi ya Batuli ilikuwa kushikilia siku nne tu.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, Mariyamu akapiga simu. Binti yao huyo wa pekee alikuwa Omani, mwaka wa pili, akifanya kazi za ndani. "Mama, wamekamata pasipoti yangu. Nimechoka, mama." Simu ikakatika. Batuli akapiga mara saba, kimya.

Mkono wake ukaenda kwenye sufuria ya wali uliobaki. Akaurudisha. Hakimu alikuwa ndani, anafunga kamba za viatu arudi kwenye jiko lake. Batuli akasimama mlangoni.

"Baba Mariyamu, nina hasira na wewe. Ulimutuma mutoto Omani bila kuniuliza. Ni kaka yako alikupangia, ukakubali, mimi nikasikia begi limeshafungwa. Leo anapiga analia. Nina hasira sana."

Lo, alikuwa amelisema. Mwaka na nusu alilibeba, na sasa lilikuwa limetoka kwa mtu, si kwa cherehani. Hakimu alitazama sakafu. Macho yalimjaa maji. Alimalizia kufunga kamba za viatu, akatoka.

Batuli akaketi mkekani akasubiri. Machozi yalianza kumtoka, ya Mariyamu na ya mama yake pamoja, na hakuyazuia. Labda amekwenda kumpigia kaka yake, aliwaza. Labda leo atarudi na neno.

Alirudi baada ya nusu saa. Alikuwa amebeba sinia, mishikaki kumi na miwili, ya maini, ile anayowawekea wakubwa, na ndizi za kuchoma pembeni. Akaliweka mapajani mwa Batuli.

"Kula, mama Mariyamu," alisema kwa sauti ndogo. Akaketi kando yake, akamkodolea macho.

Batuli alimwona jinsi anavyosubiri. Akamwona pia, akilini, daktari wa Jumatatu na mizani. Alitaka kumwambia asante, nisikilize tu, usinilishe, lakini uso ule ulikuwa unamwomba, na Hakimu hakuwa na namna nyingine ya kuomba. Akachukua mshikaki wa kwanza. Machozi yakakatika.

Hakimu akashusha pumzi. "Iko na chumvi ya kutosha?"

"Iko nayo," alisema Batuli, na mkono ukaenda kwenye wa pili.