Bati la Birra

Mlio wenyewe ulitoka ndani ya simu. Mtoto wa kaka yangu, anayeosha vyombo katika mkahawa mmoja huko Ulaya, alinitumia video fupi: ukuta, na juu yake bati la zamani la tangazo la bia, la buluu, maandishi meupe, limeangikwa kama pambo. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Ngwee! Mwingine angesikia bati tu. Mimi niliketi kitako jikoni kwangu hapa Mombasa, nusu ya kitunguu mkononi. "Shangazi," akauliza, "si kama lile la Kudha? Lile la Bibi liliandikwaje?"

Siku ya tatu hii sijamjibu. Swali dogo tu, nami linanikera kama mwiba wa samaki kooni.

Lile la Kudha, kisiwani kwetu kusini mwa Somalia, lililetwa na Ami Shee, mdogo wake baba, aliyekuwa kibarua wa kubomoa nyumba Kismayo. Karibu na bandari kulikuwa na duka kuukuu la zama za Wataliani, na bati hilo lilikuwa limepigiliwa ukutani tangu yeye hajazaliwa. Alilipenda kwa sababu lilikuwa zito na halikuoza. Lilipakwa ile rangi ya kuchomwa inayong'aa, kama ya sinia na makopo ya chai. Chini palikuwa na picha ya bilauri, lakini kutu ilikuwa imeila bilauri yote ikabakisha povu. Juu zilisimama herufi tano, kila moja kubwa kuliko kiganja cha baba: BIRRA. Ami alikusudia kulifanya mlango wa banda la kuku.

Sasa, Bibi yangu alikuwa akisomesha watoto chuo cha Kurani barazani mwake. Herufi za Kiarabu alizisoma tangu udogo. Zile za kizungu, zilizotumika shuleni kuandikia Kisomali, alijifunza ukubwani, na aliyemfunza ni mimi, mwenye miaka tisa, kwa kitabu changu cha shule. Tulikaa mchana vyombo vikishaoshwa, yeye akinukia moshi na mafuta ya simsim, kidole chake kikisukuma herufi moja moja kama anayechambua mchele. Alikuwa mwanafunzi mbishi ajabu. Alitaka kila neno lianzie kulia, na nikimkosoa alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyageuza maandishi ya dunia nzima.

Ami alipolitua bati uani, Bibi alisema, "Ngoja!" Akalipangusa kwa leso. Akainama. "Ba... i... ra... ra... a." Akarudia kwa haraka, kisha akainuka mzima mzima. "Birra!"

Hakuna aliyemsaidia. Lilikuwa neno la kwanza la herufi zile alilolisoma peke yake, bila mimi.

Na neno gani hilo! Chuoni tulilijua. Birri, au birra, kwa Kiarabu ni wema. Ami akacheka. "Mama, *bir* kwa Kisomali ni chuma. Wameandika chuma juu ya chuma, basi."

"Na ni wachu gani waandikao jina la kichu juu ya kichu chenyewe?" Bibi akamjibu kwa lahaja yetu ya visiwani, ambamo kitu huwa kichu. "We umeona mbuzi kaandikwa mbuzi?"

Lile povu nalo akalipatia maelezo: maziwa ya ngamia, yamekamuliwa sasa hivi. Wema na maziwa, kuna la kuuliza tena? Kuku wakakosa mlango. Bati likapigiliwa juu ya mlango wa baraza, nasi watoto tukawa tunaitwa chuoni kwa mlio wake, Bibi akiligonga kwa kijiti. Ngwee! Kisiwa kizima kilisikia.

Laiti nisingekwenda Kismayo Idi ile. Nilikuwa nikitembea na binti wa mama mdogo, mkubwa kwangu kwa miaka minne na mwenye maringo ya mjini, nikaona neno lile lile kwenye ukuta wa ghala moja, rangi imefifia. Nikajishaua. Nikamwambia hilo ni neno la Kiarabu, maana yake wema, na bibi yangu analo mlangoni. Alicheka mpaka akaketi chini. "Hiyo ni pombe! Pombe ya Wataliani, mshamba we!"

Nilirudi Kudha na siri inayonichoma. Bibi yangu, mwalimu wa chuo, anasomesha watoto chini ya tangazo la pombe! Nilijaribu kumwambia akiwa jikoni, akaniambia nimtolee mkaa. Nilijaribu akiwa kitandani, akaanza kukoroma. Nilipanda juu ya kinu nikang'ang'ana na misumari mpaka kucha mbili zikanitoka damu, wala haukutikisika hata mmoja. Nililikwaruza kwa jiwe la matumbawe. Likazidi kung'aa, laana ya bati lile!

Kisha wakaja wageni kutoka kisiwa jirani cha Fuma kumposa shangazi yangu mdogo, na miongoni mwao mzee mmoja, mwalimu wa chuo kama Bibi. Nilipatwa na kiwewe. Asubuhi ile nilichukua leso nikalifunika bati, nikajidai ni pambo la posa. Wageni wakaketi, halua ikapita, kahawa ikapita. Nikaanza kupumua. Ndipo Bibi alipoinuka akaivuta leso ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu, tazama," alisema. Sijapata kumwona na haya za kisichana kama siku ile. "Hizi herufi za kizungu, nami yeo nazisoma. Ba... i... ra..."

"Bibi, ni pombe!" nilipiga kelele. "Si wema! Ni pombe ya Wataliani!"

Wenzangu, hakuna mgeni hata mmoja aliyejua kuzisoma herufi zile. Mzee yule alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Angesema mashaallah, angekunywa kahawa yake, wangepanda mashua wakarudi kwao. Aibu niliyoikimbia majuma mawili niliileta mimi, kwa mdomo wangu.

Mzee alikuwa muungwana. "Si kichu, mama," alisema. "Bati ni bati." Wakacheka kidogo, taratibu, kicheko cha kuficha mambo. Posa ikapita na shangazi akaolewa. Bibi hakunipiga, wala hakunikaripia. Kesho yake alimwambia Ami aligeuze bati, uso uelekee ukutani, na mchana nilipomletea kitabu alisema macho yanamuuma. Keshokutwa yake yakamuuma tena. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahi kupata muda wa kucheza. Nilijiona nimeiokoa heshima yake.

Miaka ilipita, vita vikatutoa visiwani, na Bibi akafika Kenya akiwa na buibui lake na mimi. Kambini tulipanga foleni ya kuandikishwa, nami nikiwa msichana mkubwa nimesimama nyuma yake. Karani alimwuliza kwa upole kama anajua kuandika jina lake. Anajua! Nilimwona kwa macho yangu akiliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, Kudha, herufi za kizungu, kutoka kushoto, kama nilivyomfunza.

"Mimi sijui, mwanangu," alisema Bibi. "Sikusoma." Akatoa dole gumba.

Siku nilipotakiwa kunyamaza nilipiga kelele, na siku ile ya kusema ulimi ulinigandia. Nililitazama dole lake likikandamizwa kwenye wino, na hapo ndipo nilipoelewa. Herufi tano, na hakukosea hata moja. Alikosea lugha tu, jambo ambalo hata Ami alilikosea na akacheka nalo. Mimi niliyemfunza ndiye niliyepaswa kumwambia amesoma sawasawa, kabla ya neno lingine lolote. Sikumwambia siku ile, wala kambini, na alizikwa hapa Mombasa bila kuambiwa.

Leo nimeichukua simu. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka chai imepoa. Mwisho nimemtumia kijana yale niliyoyaweza: "Liliandikwa BIRRA. Bibi alilisoma mwenyewe, na alilisoma sawa."