Begi la Kwenda Kurina Asali

Mume wangu alikuwa ameshazikwa, arobaini imeshapita, na mimi nilikuwa bado sijalia. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Presha ilimwangusha uani asubuhi, akichanja kuni. Niliita majirani, nikakunja kanga nikamwekea chini ya kichwa, na tangu hapo nikawa nafanya kila kinachotakiwa kufanywa, mikono ikitangulia na mimi nikiifuata. Watu walilia kwa niaba yangu. Waliniletea uji, nikanywa.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, nguo zake zilikwenda kwa ndugu kama ilivyo desturi, na begi lake akapewa mpwa wake anayeishi Dar es Salaam. Ikabaki mizinga. Ilikuwa msituni, upande wa Usinge, na asali yake ndiyo iliyotusomeshea watoto. Kaka yake, shemeji yangu, ana mizinga yake huko huko. Shemeji si mtu mbaya. Alisema mbele ya ukoo wote, kwa upole kabisa, "Mizinga haitunzwi kwa huzuni. Msimu huu shemeji akifika mwenyewe kurina, ni yake na wanawe. Asipofika, nitairina mimi, na itakuwa yangu." Wazee wakaitikia. Nikasikia sauti yangu ikisema nitafika. Sikuwahi kulala kambini hata siku moja.

Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Nilihitaji begi.

Kambini watu hukaa majuma. Unabeba ovaroli, kofia yenye wavu, glovu, bomba la kufukizia nyuki moshi, neti, blanketi na sufuria yako, na vyote hivyo hufungwa nyuma ya pikipiki kwenye njia ya visiki na miiba. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kwa miguu hadi pwani, na hadi leo huku kwetu ukionekana umefunga mzigo ovyo, mtu anataka kujua ulilelewa wapi. Nikaenda madukani mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, na wifi yangu, mdogo wa marehemu, ambaye anapenda vitu vinavyong'aa.

Muuzaji alitufuata kutoka duka la kwanza hadi la tatu, begi la bluu kifuani. "Mama, hili halipitishi maji. Hata ukilitumbukiza ziwani!"

"Tabora ziwa liko wapi?" nikamuuliza.

"Kizuri chajiuza, mama."

"Chajiuza, na wewe umetutembezea mtaa mzima."

Wifi akacheka, akalipapasa, akasema mashemeji zangu wote watanionea wivu huko msituni. Lilikuwa laini, la kitu kama mpira, na zipu yake iliteleza bila kelele. Nikalinunua. Sikulipenda wala sikulichukia. Nilitaka tu kurudi nyumbani.

Sasa, mrina asali haendi kwa nyuki akinuka duka. Kabla ya msimu, nguo na begi hutundikwa jikoni juu ya moto, vifukizwe mpaka vinuke moshi, kwa kuwa harufu ngeni huwakasirisha nyuki. Mume wangu alifanya hivyo kila mwaka na begi lake la turubai, nami kila mwaka nililalamika kwamba jiko langu limegeuzwa kabati. Nikatundika la kwangu palepale, nikaweka kuni mbichi kama nilivyomwona akifanya, nikatoka kuchambua maharage. Niliporudi kitako cha begi kilikuwa kimejikunyata kama utando wa maziwa, na mkanda mmoja unadondokea majivuni.

Wifi alicheka mpaka akakaa kwenye kinu. "Wifi, umelipika! Tulile na ugali?"

Nilijua kwamba inachekesha. Nilikitafuta kicheko mahali kinapokaa siku zote, sikukikuta. Hilo ndilo lililonitisha, kuliko begi.

Nikarudi Ng'ambo peke yangu, kwa fundi anayeshona maturubai ya malori. Safari hii nilijua ninachotaka, nikamtajia: turubai la pamba, lile zito, kitako tabaka mbili, mikanda ipite chini ya begi zima, isishonewe pembeni tu ikachomoka, zipu ya chuma yenye meno makubwa, maana vumbi la njia ya Usinge huziziba zile ndogo. Magurudumu nikamwambia awawekee wanaopanda ndege.

"Ni la mzee?" akauliza.

"La kwangu."

Akaninyooshea futi ya kitambaa begani, akapima mpaka kiunoni, akapunguza urefu wa mikanda. Lilipokuwa tayari nikalivuta, nikalikanyaga, nikalining'iniza na mchele ndani. Haukukatika hata uzi mmoja. Nikalifukiza, likatoka na rangi ya chai, nikapanda basi la Kaliua alfajiri nikiwa sina hofu wala hamu.

Pikipiki ilinifikisha kambini mchana. Wanaume walikuwa wamekaa wakinoa mapanga, shemeji miongoni mwao. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakaendelea kunoa. Nikawa nimesimama na begi begani, maana sikujua pa kuliweka. Pale hakuna anayeweka begi chini, kwa ajili ya siafu na mchwa. Kila mtu ana panda yake ya mti, anatundika hapo miaka na miaka, na mabegi yalikuwa yamening'inia kila upande wa kambi. Panda moja tu ilikuwa tupu. Gome lake lilikuwa limelika, limekuwa laini. Nikaisogelea, na kijana mmoja aliyekuwa mgeni kwangu, nami mgeni kwake, akasema kwa adabu, "Hapo hapana, mama. Panda ya mtu haiguswi. Mwenyewe akienda mjini tunamwachia mpaka arudi."

Shemeji aliweka panga chini, akaja, akanishusha begi begani. Alilipima uzito kwa mkono, akageuza kitako akakitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akalitundika kwenye ile panda.

"Hapa ndipo pako, shemeji," akasema. "Kesho tunaanza na mizinga yako."

Nilikuwa nimeshinda. Nililitazama begi langu likitulia mahali ambapo wenzake walikuwa wakimwachia marehemu nafasi arudi, nikajua kwamba harudi. Nikakaa chini kwenye majani makavu nikamlilia mume wangu kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale, na shemeji akaenda kuchochea moto.