Nilitia Tangi Kufuli, Maji Yakazidi Kuisha

Nimekosa. Naliandika neno hilo kwanza kabla hasira haijanipeleka kwingine, maana hasira ninayo, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Jina langu sitoi. Majina ya wengine nimeyabadilisha, ingawa watu wa upande wa Ikonge wakisoma hapa watasema, "Ni yule wa tangi!" Wacha waseme.

Wewe unayesoma, vuta kiti. Na usinikatize.

Niliolewa nikitoka shuleni, kidato cha nne, cheti ninacho. Chai yetu ilipoanza kulipa tuliacha nyumba ya udongo, tukajenga ya matofali ya kuchoma, paa la mabati. Kwenye kona ya nyuma tukasimamisha tangi la mabati juu ya msingi wa mawe, likinge maji ya mvua. Chini yake mfereji wa kufungua na kufunga. Boma zima lilichota hapo: mama mkwe, mimi, na Moraa, mke wa mdogo wake mume wangu, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya yangu.

Mfereji wa nje haukunitosha! Nilikuwa nimeona sinki kwa mke wa mwalimu mmoja kule Sironga, na tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilitaka maji ndani. Tukamwita fundi kutoka Masimba. Yeye alitaka kupitisha bomba juu ya ukuta, kwa nje.

Nikamwambia, "Yaani nyumba yangu iwe kama mtu aliyevaa matumbo nje? Lizike hilo bomba."

Akachimba ukuta wa chumba cha kulala, akalilaza humo. Mume wangu akasema, "Kabla ya plasta, tulijaze maji tulale nalo. Tuone kama kuna kiungo kinachotoa jasho."

Nikakataa. Wazazi wangu walikuwa wanakuja kututembelea, na mama yangu lazima akute ukuta laini na mfereji unang'aa. Fundi alikuwa na haraka ya kurudi kwake, mimi nina haraka ya sifa. Akafunga viungo kwa katani na rangi, akapiga plasta, basi.

Mama yangu alifungua mfereji, akafunga, akafungua tena. "Mwanangu," akasema, "sasa umekuwa mzungu."

Nikacheka mpaka machozi. Mjinga mimi!

Mvua za mwisho wa mwaka zilijaza tangi. Kisha likaja jua la Januari, lile la kukausha hata maneno mdomoni. Sasa, tangi la mabati ukiligonga, penye maji linajibu kwa sauti nzito, palipo wazi linalia kama debe. Kila asubuhi nikienda kuchuma chai nililigonga. Kila asubuhi sauti ya debe ilikuwa imeshuka chini zaidi.

Nani anamaliza maji? Mimi najijua. Mama mkwe anatumia kama kuku anavyokunywa. Akabaki Moraa, mwenye watoto wengi na mimba kubwa. Moyo wangu ukamkatia hukumu pale pale bila shahidi.

Na mashahidi walikuwepo! Walikuwa wananipigia kelele kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nawaziba midomo.

Ukuta wa chumbani ulitoa doa. Nikapaka chokaa. Doa likarudi likiwa kubwa, chokaa imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Sisi tumelelewa kwenye nyumba za udongo. Ukuta ukiharibika, mwanamke anaukandika upya kabla wageni hawajaona, na mwanamke mvivu anajulikana kwa ukuta wake. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza ukuta, "Unaumwa nini?" Nikapaka tena, nikasogeza kabati mbele yake, nikatundika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Pakapendeza sana!

Chumba kikaanza kunuka. Nikasema ni viatu vya mume wangu. Tuligombana kwa ajili ya viatu mpaka akawa anaviacha nje, na harufu ikabaki.

Binti yangu Kwamboka, ambaye bado ananyonya, akaanza kukohoa. Kitanda chake kilikuwa kando ya kabati lile lile. Nikasema anaota meno. Meno gani yanayopiga kifua?

Hata baba mkwe alinionya. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe. Ile heshima tunaita chinsoni, na haivunjwi. Hata kusema na mke wa mwanawe kuhusu mambo ya chumbani kwake hawezi. Kwa hiyo alisimama njiani akaongea na mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu.

"Kwamboka, mwambie mama yako kwamba nyasi za nyuma ya nyumba yake hazijui kuwa ni Januari."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia mzee ananiita mvivu, eti sijafyeka! Nikachukua panga nikaenda nyuma. Nyasi mbichi mpaka zinang'aa, udongo unashika miguu, na kila mahali pengine pamekauka kama mfupa. Nikafyeka kwa hasira, nikaosha matope miguuni, nikarudi ndani. Matope, Januari! Na sikujiuliza.

Badala yake nilimwita seremala akaufunika mfereji wa nje kwa sanduku la mbao, nikatia kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni.

Mama mkwe alinitazama. "Omokamwana," akaniita, jina la mke wa mwana, "maji ya mvua ni ya Mungu. Unamfungia nani?"

"Anayeyamaliza anajijua, Mama."

Na tangi likazidi kushuka! Mtu mwenye akili angesema, basi si Moraa. Mimi nilisema, basi Moraa anapanda juu na kuchota kwa kifuniko. Na mimba ile! Mwone mwenye cheti.

Siku yenyewe tulikuwa kituo cha chai, foleni ya kupimisha majani, akina mama tele na vikapu vyao. Moraa alikuwa mbele yangu.

Nikamwita kwa sauti, kwa jina la mwanawe, "Mama Bosire, siku hizi unaosha nini, ng'ombe?"

Akageuka. "Naosha watoto, Mama Kwamboka. Kwani wa kwako hawaoshwi?"

Wanawake wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichoniwasha.

"Unawaosha kwa maji ya wizi! Unapanda tangi langu kama nyani!"

"Na tumbo hili? Labda nyani ni wewe, unayeona watu juu ya miti."

Wakacheka tena. Nikapoteza kichwa kabisa, nikatamka neno ambalo Msabato kama mimi hatamki, na ambalo hata asiye na dini halichezei. "Kama si wewe, kula emuma!"

Emuma ni kiapo cha wazee wetu. Ukikila kwa uongo kinakumaliza wewe na watoto wako. Nilikuwa namwambia mwanamke mjamzito aweke tumbo lake rehani kwa ajili ya maji.

Moraa hakulia. Aliweka kikapu chini.

"Emuma sili," akasema. "Lakini wote mnisikie. Tone la maji ya huyu mwanamke halitapita koo langu tena mpaka niingie kaburini. Hicho ndicho kiapo changu."

Akaanza kuteka maji mtoni. Ninyi mnaojua miteremko yetu mnajua maana yake: kushuka ni kukalia matako, kupanda ni kushika majani. Haukupita muda akateleza na mtungi. Mkono ukavunjika. Mimba Mungu aliishika, si mimi. Walimpitisha mbele ya mlango wangu akiuma kanga yake ili asipige kelele, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni, "Malipo ni hapa hapa."

Moraa akalala na mkono uliofungwa vijiti. Kufuli iko mahali pake. Na tangi linashuka!

Nikasema, basi anatuma mtu. Leo nitamshika.

Sabato ikafika. Nikamwambia mume wangu mtoto anakohoa, nabaki. Boma lote likaenda kanisani, hata Moraa na mkono wake. Nikagonga tangi, pale sauti inapobadilika nikachora mstari kwa kaa la jiko. Nikaenda chumbani, nikasimama kando ya kabati karibu na dirisha linalotazama tangi, mwiko mkubwa wa ugali mkononi. Ndiyo, mwiko. Nilikuwa namngoja mwizi niupige mkono wake.

Mfereji wa ndani nimefunga. Redio imezimwa. Kwamboka amelala. Kijiji kizima kimya, hata jembe halisikiki siku hiyo.

Hapo ndipo nikasikia. Sssss. Sauti ndogo, kama mtu anayevuta chai ya moto. Nikafikiri ni nyoka! Nikasikiliza chini ya kitanda, hapana. Mlangoni, hapana. Nikaweka sikio kwenye kabati.

Nikalisogeza. Kitambaa changu kizuri kilikuwa kimeota ukungu mweusi mgongoni. Nyuma yake uyoga mwembamba ulikuwa umepanga mstari kama watoto wa shule. Nikagusa plasta kwa kidole, kidole kikazama. Nikasukuma kwa mwiko, kipande kikaanguka, na maji baridi yakanirukia kifuani.

Nikatoka mbio nikagonga tangi. Sauti ya debe ilikuwa imepita mstari wangu. Hakuna mtu aliyekuja. Hakuna mtu aliyewahi kuja.

Waliporudi walinikuta nimekaa chini, nguo zimelowa. Mama mkwe akaingia, akatazama ukuta, akachungulia kitanda cha mjukuu wake kando yake. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali.

"Kumbe mwizi ulikuwa unalala naye," akasema. Kisha akauliza, "Ulimwita mwenzako mwizi wapi?"

"Kituoni, Mama."

"Basi usije kumwomba msamaha jikoni kwangu."

Nilienda. Siku ya chai, foleni imejaa, nikasimama mbele ya wote nikasema, "Mwizi alikuwa bomba langu. Moraa hakuchota hata kikombe cha wizi. Mimi ndiye mwongo." Kuna mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha. Moraa alikuwa anachambua majani kwa mkono mmoja.

"Nimekusamehe," akasema, "na si kwa mdomo tu. Lakini kinywa changu kilisema neno mbele ya hawa hawa. Watoto wangu hawakuapa, watakuja kuchota. Mimi niliapa."

Matofali ya ukuta ule yalikuwa yameshikanishwa kwa udongo, na udongo umerudi kuwa uji. Tukaubomoa wote kabla haujamwangukia mtoto. Tulilala jikoni kwa mama mkwe huku ukijengwa upya. Huko, kando ya moshi na moto, Kwamboka aliacha kukohoa hata kabla hatujampeleka kwa daktari. Kwa hiyo hayakuwa meno!

Bomba sasa liko nje ya ukuta. Matumbo nje, ndiyo! Kila asubuhi napitisha mkono kwenye viungo vyake, na kimoja kikilia nitakiona.

Dada yangu, na wewe kaka unayejenga, nisikie. Usimruhusu fundi kufunika bomba ambalo halijalala na maji, hata kama anayekuja ni malkia. Doa la ukuta usilipake chokaa. Likuna, linuse, uliza limetoka wapi. Nyasi za nyuma zikicheka wakati wa kiangazi, chimba hapo. Maji yakiisha kwa njia usiyoielewa, funga mifereji yote, chora mstari kwenye tangi, zima redio, kaa kimya usikilize nyumba yako. Fanya hayo kabla hujafungua mdomo juu ya jirani! Bomba lina fundi. Neno halina.

Kufuli nilitupa chooni. Watoto wa Moraa huja na madebe yao, wanapiga kelele, wanamwaga, na siwagombezi. Mtoto wake mchanga nimembeba mgongoni mara nyingi, na yeye mwenyewe huingia kwangu tukaongea vizuri.

Lakini nikimkaribisha chai anasema ameshiba. Na kila asubuhi, nikiwa nagusa viungo vya bomba, anapita nyuma yangu na kamtungi kadogo ka maji yake ya kunywa. Ananisalimu kwa jina la binti yangu. Anapita tangi lililojaa, anashika njia ya mtoni.