Pikapu Iliyogoma Siku ya Madawati

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa sokoni, watu wakadhani uzee umenizidi. Ilikuwa enzi za Ujamaa, mie msichana niliyetoka jeshini karibuni, nimefundishwa udereva. Ushirika wa maseremala pale Keko ukaniajiri kuendesha pikapu yao. Mwanamke kushika usukani siku zile, watu walitoka nje kutazama. Wengine walinipigia makofi, wengine walingoja nigonge ukuta.

Pikapu yenyewe ilikuwa ngeni kidogo. Wageni wa mradi fulani walituachia walipoondoka, nayo ilikuwa na tabia yake: haiwaki mpaka ukanyage klachi hadi chini. Basi ikaanza kugoma. Unazungusha ufunguo, kimya. Unarudia, kimya. Kesho yake inawaka kama haijawahi kukusumbua. Ikigoma, maseremala waliacha randa zao wakaisukuma huku wakiimba, na ikiwaka walishangilia kama timu yao imefunga goli. Nilicheka nao, lakini moyoni sikuwa na raha, maana mwenyekiti wetu alishaniambia, "Dada Rehema, likigoma siku ya madawati, nitatafuta dereva mwingine."

Ndiyo siku ninayokusimulia. Huko Chanika kulikuwa na shule mpya, watoto wa darasa la kwanza wanakaa chini kwenye vumbi, nasi tumewatengenezea madawati. Tuliyapakia mpaka yakapita paa la gari, tukafunga kamba. Wazazi huko wameshachinja mbuzi, wanatungoja. Nikapanda, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Kusukuma haikuwezekana. Mvua ya alfajiri iliufanya uwanja wote tope, na mzigo ule! Seremala mmoja, Salumu, akasema betri imekufa. Mwenzake Petro akasema hapana, ni stata, ile mota inayoamsha injini, tena keshashika spana. Nami kwa hofu ya kupoteza kazi nikamwambia, "Fungua, Petro, fungua upesi!"

Kwenye baraza ya karakana yetu alikaa Mzee Likanga, mchonga vinyago kutoka upande wa Newala. Akaweka patasi chini, akaja taratibu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Mbona mnampasua mgonjwa kabla hamjamuuliza anaumwa wapi?"

"Gari linaulizwaje, baba?"

"Mie gari silijui, binti yangu. Wewe ndiye unayeshinda nalo. Siku likiwaka, unakuwa umefanya nini? Na siku likigoma?"

Nusura nimjibu vibaya, mwanangu. Nilikuwa na haraka, naye ananiuliza maswali! Lakini nikalimeza lile jibu, nikafikiri. Nikakumbuka kwamba mara nyingi lilikuwa likiwaka nikiwa na hasira, nikiikandamiza klachi kwa nguvu zangu zote.

Nikamwambia Petro angoje. Kwanza nikawasha taa za mbele: zikang'aa vizuri. Basi betri nzima, Salumu akakubali. Nikaweka gia huru, Petro akagusanisha nyaya za stata kwa bisibisi, stata ikazunguka vizuri. Nayo nzima! Basi hitilafu iko katikati, kati ya ufunguo na stata.

Nikajilaza sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu yangu inaning'inia nje, na wapita njia wakasimama kuangalia kioja. Ndipo nikaiona: swichi ndogo kando ya mkono wa pedali ya klachi. Ukikanyaga mpaka chini, kipande cha mpira kwenye ule mkono huibonyeza, na hapo tu ndipo stata hupata umeme. Mpira umemomonyoka! Limebaki tundu tupu pale ulipochomekwa, mkono unaifikia swichi kwa shida.

"Petro, hakikisha gia iko huru, kisha zungusha ufunguo!"

Nikaibonyeza swichi kwa kidole. Gari likanguruma. Watu wakapiga kelele, na mie nilipoinuka kwa furaha nikajigonga kichwa hadi nikaona nyota, huku nacheka.

Mzee Likanga akaliangalia lile tundu, akaokota kipande cha mpingo, akachonga kizibo. Akakigongea pale, kikakaa. Nikakanyaga klachi, nikazungusha ufunguo, likawaka. Likazimwa, likawaka tena.

Chanika tulifika na nyimbo. Ungewaona wale watoto! Waligombea kukaa, wakabanana, mmoja akalala kifudifudi juu ya dawati lake akilikumbatia. Mwenyekiti akacheza ngoma mpaka kofia ikaanguka, kisha akawaambia wazazi, "Huyu ndiye dereva wetu." Habari ya dereva mwingine ikaishia hapo. Niliendesha magari ya ushirika ule mpaka nikaolewa, na baada ya kuolewa pia.

Basi sikiliza, mwanangu. Kitu kikiharibika, liwe gari, iwe kazi, iwe ndoa yako, usikimbilie kufungua kikubwa. Jiulize kilikuwaje kilipokuwa kizima, na nini kimebadilika. Kilicho kizima kithibitishe ukiache, usogee kwenye kidogo ambacho hakuna anayekitazama. Na mtu akikuuliza swali wakati una haraka, meza jibu lako kali kwanza, ulifikirie swali lake. Huenda hajui jibu, lakini akakuonyesha pa kulitafuta.

Mungu akupe subira ya kutazama vizuri, akupe na watu wa kukusukuma huku wakiimba. Kila utakachokishika kikutii, na safari zako zote zifike salama. Amina.