Dira ya Jirani na Kitanda cha Mama

Tangu apigwe na kiharusi, Mama alikuwa na ombi moja tu: siku yake ikifika, asife amepinda. Kwetu sisi Mashia, mtu anayekata roho hulazwa chali, nyayo zikielekea kibla. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini hilo alilisema kila siku mpaka nikakoma.

Kaka yangu, mjuaji wa kila kitu, aliweka simu yake juu ya kile kitanda cha chuma tulichoazimwa, akatazama dira, akakisukuma kitanda mpaka akaridhika. "Kibla hii hapa," akasema. Imamu alishatupa digrii za kibla, simu imezisoma, ubishi wa nini tena?

Shida ilikuwa asubuhi. Kila nikiingia chumbani, pale nyumbani kwetu Unionville, huku Kanada, namkuta Mama amelala mshazari, nyayo zimeelekea kona ya dirisha. Shuka halina kunyanzi. Namnyoosha, kesho yake yuko vilevile. Nikamshuku kaka, kaka akanishuku mimi, tukagombana mpaka tukanuniana. Maana Mama hakuweza kugeuza hata shingo. Nikaanza kuogopa kufungua mlango ule, na sioni haya kusema.

Mwishowe nikamweleza jirani yetu, mzee wa Kichina aliyekuwa akiwapimia watu nyumba kwa elimu yao ya fengshui, ile ya kutafuta nyumba na vitanda vielekee upande wa heri. Akaja asubuhi na mapema na dira yake: ubao wa mraba, juu yake sahani ya duara iliyojaa maandishi pete kwa pete, katikati sindano ndogo, na nyuzi mbili nyekundu zinazokatizana. Akaishika karibu na kitanda. Sindano ikatetemeka, ikakataa kutulia.

"Chuma," akasema mzee, akimtazama kaka. "Hata simu yako ilidanganywa na kitanda." Lo, kaka alivyonywea!

Mzee akarudi ukumbini, mbali na chuma. Akaizungusha sahani taratibu mpaka sindano ikalala sawa juu ya mstari wake, kisha akasoma maandishi yaliyo chini ya uzi. Digrii za imamu ziliangukia upande wanaouita wa simbamarara. Akanishikisha ncha ya uzi mrefu, akauvuta moja kwa moja mpaka chumbani, juu ya kitanda.

Nilikuwa sijamnyoosha bado. Uzi ulipita katikati ya paji la uso wa Mama, ukashuka kifuani, ukatokea kati ya nyayo zake.

"Nani amemlaza hivi?" mzee akauliza. "Anaijua kazi."

Tukatazamana, mimi na kaka. Mama akafungua macho.

"Baba yenu," akasema, wazi kabisa, ulimi mwepesi kama zamani. "Kila mkinipinda, ananinyoosha. Jamani, mnamchosha."

Baba tulimzika Tanga kabla hatujahamia Kanada. Nililia palepale, mbele ya mgeni, na kaka akatoka nje bila koti.

Mama alifariki wiki ileile, mchana, theluji ikianguka. Ndugu wakaingia mbiombio kumgeuza kibla, kama desturi inavyotaka. Nikawazuia.

"Asiguswe," nikasema. "Ameshalazwa."