Matonge ya Mama Mkwe Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, sijajaliwa mtoto, na ninaishi katika kimoja cha visiwa vya Maparoni, huku delta ya Rufiji. Mhariri wa ukurasa huu hutangaza kwamba huwafichia wasomaji majina yao. Mimi ahadi za watu nazijua, kwa hiyo jina lenyewe sikumwandikia.

Nakaa na mama mkwe wangu. Mwaka jana alitokwa na uvimbe shingoni, mume wangu akampeleka hospitali mjini, wakaambiwa ni saratani. Akapigwa sindano za dawa mpya ya kuua uvimbe. Uvimbe ulinywea kweli, lakini mwenyewe alirudi nywele zinanyofoka, mdomo umejaa vidonda, na kila chakula anasema kina ladha ya chuma. Akapangiwa kurudi kwa sindano za mara ya pili.

Kabla siku hizo hazijafika, akatujia kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Mwafrika mwenzetu, kaptura nyeupe na daftari kwapani. Alifikia kwa jumbe. Alisema anafanya uchunguzi wa chuo chake juu ya watu waliopigwa sindano zile, wakirudi makwao wanakula nini na kwa kiasi gani. Mama mkwe alikataa kupanda mizani yake, akasema yeye si gunia la mpunga. Na kwa kuwa mama hula chumbani, nyuma ya pazia, mbele yangu tu, kijana akabaki na mimi. Kila asubuhi kwa siku saba alikaa barazani akaniuliza, "Dada, jana mama amekula matonge mangapi?"

Wasomaji wa bara huenda hamjui. Kwetu matonge ya mtu hayahesabiwi. Ukimhesabia mgeni wewe ni bahili, ukimhesabia mgonjwa umemtakia kifo. Kijana yule alisema kwao ni pwani vilevile. Basi hilo halijui? Nikaanza kujiuliza ni nani aliyemtuma.

Hapo lazima niwaambie juu ya mume wangu. Kazi yake ni kukata boriti mikokoni, na kabla yangu alikuwa na mke mwingine. Alimwacha kwa neno moja la mama yake, kwamba anapunjwa chakula. Sasa siku ya pili ya uchunguzi huo nikamwona mume wangu amesimama na yule kijana kwenye mitumbwi, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nilipotokea wakanyamaza. Nikasema moyoni, haya, nimeshawajua. Daftari lile ni la kutafuta sababu ya kuniacha na mimi.

Kwa hiyo nilidanganya. Mama alikuwa anakula matonge mawili, la tatu hulitema. Uji wenyewe vijiko vichache, kisha hugeukia ukutani. Mimi kwa kijana nilisema matonge kumi. Kesho yake kumi na mawili, na samaki mzima. Wali uliobaki niliula mwenyewe ili sufuria litoke tupu, na nina haya kusema kwamba nimenenepa.

Siku ya saba akaja kuaga. Akanifungulia daftari kwa furaha. "Dada, katika wagonjwa wote niliowatembelea hakuna anayekula kama mama. Nitamwambia Bwana Daktari mwili wake unaihimili dawa, hakuna sababu ya kuipunguza."

Nikamuuliza, na asiyekula je?

"Asiyekula hapigwi sindano kwanza. Analishwa mpaka apate nguvu, mayai, maziwa, kidogo kidogo kila mara. Dawa ile ikimkuta mtu hana kitu mwilini, inaweza kummaliza yeye kabla ya uvimbe."

Nikamuuliza tena, kama mzaha, siku ile alikuwa akizungumza nini na mume wangu. Akasema alimuuliza maziwa yanapatikana wapi, mume wangu akamjibu mpaka Kibiti. Nilimwamini nusu. Mbona walinyamaza?

Akaondoka kwenda Mbwera kwa mgonjwa mwingine. Mwezi ujao atapita na boti kumchukua mama. Nikisema kweli, mume wangu atasikia kwamba mama yake alishinda na njaa mikononi mwangu, nami nikaificha. Nikinyamaza, nitampandisha mama kwenye boti kwa mikono hii hii, naye akachomwe dawa ambayo hana mwili wa kuipokea. Naogopa sana, ndugu zangu.

Na sijamaliza. Juzi nilikuwa nampaka mama mafuta kichwani, akaniambia taratibu, "Kiambaza hiki chepesi. Kila asubuhi nakusikia unavyomjibu yule kijana."

Nikachovya mafuta tena, nikaendelea kumpaka.

"Akirudi mwambie kumi na matano. Yule mke wa kwanza nilimsingizia, mwanangu, hakuwa na kosa. Wewe sitaki wakuseme."

Neno hilo nimeligeuza kila upande. Nimesema ananitega, anataka nizidi kudanganya ili aniumbue mbele ya mwanawe. Nimesema hapana, ni mapenzi. Kisha nimerudi kulishuku tena, maana ndivyo nilivyo. Lakini siku ile nilipomnyanyua nimlaze, nilijiandaa kubeba mtu mzima, kumbe mkono mmoja ulinitosha.

Nishaurini upesi, kabla boti haijafika. Kijana akikaa tena barazani akaniuliza, na mama yuko nyuma ya kiambaza anasikiliza, nimtajie matonge mangapi?